Jinsi ya Kuchagua Diwani Mpya ya Mashairi, ya Mkubwa na ya Mtoto, Ukiwa Mwanza

Katika maduka mengi ya vitabu ya katikati ya jiji la Mwanza, vitabu havikai mahali ambapo mnunuzi anaweza kuvishika apendavyo; vinakaa nyuma ya kaunta, na muuzaji ndiye anayevishusha kimoja kimoja akiulizwa. Sehemu kubwa ya rafu ni vitabu vya kiada na vya maswali ya mitihani. Ukiomba diwani, mara nyingi swali utakalorudishiwa ni "Ya kidato cha ngapi?", kwa kuwa muuzaji amezoea kwamba anayenunua mashairi ametumwa na shule. Kwa hiyo anayetafuta kitabu cha mashairi cha kujifurahisha, chake mwenyewe au cha watoto wa nyumbani, hupata dakika chache za kukikagua akiwa amesimama, huku wateja wengine wakisubiri nyuma yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia dakika hizo, pamoja na kazi ndogo inayopaswa kutangulia kabla hujafika dukani.

Kuna jambo moja ambalo hatua zote zinaliegemea, nalo ni kwamba shairi la Kiswahili limetungwa ili lipite mdomoni. Anayelichagua kwa macho peke yake anafanana na mtu anayenunua sato sokoni Kirumba bila kumfunua mashavu.

Hatua ya kwanza: jua nani atasoma, na lini

Mtu mzima anayesoma peke yake ndani ya feri ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, anahitaji kitabu tofauti na mzazi atakayewasomea watoto watatu mkekani baada ya chakula cha jioni. Andika kwenye karatasi au kwenye simu umri wa kila msikilizaji, na lugha anayoizungumza zaidi akiwa nyumbani. Hilo la lugha hupuuzwa sana. Watoto wengi wa kandokando ya ziwa hukua na Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya sambamba na Kiswahili, na mtoto wa miaka saba ambaye Kiswahili amekizoea shuleni zaidi kuliko nyumbani atafurahia beti fupi zenye maneno ya kila siku na kiitikio kinachorudi, hata kama jalada linasema kitabu hicho ni cha wadogo zake.

Kwa kukadiria tu, walio chini ya miaka sita wanafaa mashairi ya mistari miwili hadi minne, bembelezi, na nyimbo za michezo. Wa miaka sita hadi tisa hupenda vichekesho, wanyama wanaosema, na mashairi yanayofumba jambo kama kitendawili. Kuanzia miaka kumi mtoto anaweza kubeba shairi zima la mishororo minne kwa kila ubeti, utenzi mfupi wenye kisa, na hasa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, kwa sababu ngonjera humpa nafasi ya kusimama na kujibizana na mwenzake badala ya kukaa kimya akisikiliza.

Hatua ya pili: nenda dukani ukiwa na majina

Muuzaji hawezi kukutafutia "kitabu kizuri cha mashairi". Anaweza kutafuta jina. Njia nyepesi ya kupata majina ya diwani mpya ni kufuatilia tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa tarehe 13 Aprili 2023, na ushairi ulikuwa miongoni mwa nyanja zake tangu mwanzo. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, nayo ina nafasi ya ushairi, na miswada yake kadhaa iliyoshinda imetolewa kuwa vitabu na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Sisemi kwamba kila kilichoshinda kitakupendeza, kwa kuwa majaji wana masikio yao na wewe una yako, lakini kitabu cha aina hiyo kimekwisha kusomwa na watu kadhaa wanaoijua kazi kabla hakijakufikia.

Pita pia Maktaba ya Mkoa. Diwani utakayoikuta huko huenda isiwe mpya, ila itakuonyesha ni mtunzi yupi unayemwelewa na yupi anakuchosha, na hiyo ni elimu utakayoipata bila kununua kitabu. Waulize pia walimu wa Kiswahili mnaofahamiana nao, lakini uwaambie wazi kwamba hutafuti kitabu cha mtihani, vinginevyo watakutajia vitabu vya mtaala kwa mazoea.

Hatua ya tatu: fungua ukurasa wa hakimiliki kabla ya jambo lingine

Ukurasa huu, ambao huwa nyuma ya ukurasa wa jina, ndio utakaokuambia kama kitabu ni kipya kweli. Diwani iliyotoka zamani ikichapwa tena kwa jalada la kung'aa huonekana mpya rafuni. Angalia maneno "kimechapishwa mara ya kwanza" na mwaka unaofuata, kisha uone kama kuna orodha ya miaka ya kuchapwa upya. Hakuna ubaya wowote katika kununua kitabu cha zamani, na baadhi ya vya zamani vinavishinda vipya kwa mbali. Ubaya ni kulipia upya ambao haupo.

Angalia namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na vitabu vingi vya Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, wakati 978-9966 ni vya Kenya. Namba hiyo haipimi ubora wa mashairi, lakini itakusaidia sana utakapotaka kuagiza kitabu hichohicho kwingine. Kama herufi zimefifia, picha ya jalada ina ukungu na kingo za kurasa zimekaa upande, basi ulichoshika ni nakala ya kudurufu, na mtunzi hatapata hata senti moja kutokana na fedha utakayotoa.

Hatua ya nne: yaliyomo, dibaji na sherehe

Pitisha macho kwenye yaliyomo upesi. Kama mada zote ni za kusifu viongozi, taasisi na maadhimisho, kiweke chini bila kujiuliza mara mbili, maana mashairi ya namna hiyo huwa na uhai wa sherehe moja tu. Kwa anayeanza, mkusanyiko wa watunzi wengi unafaa kuliko diwani ya mtunzi mmoja, kwa kuwa utaonja sauti nyingi kwa bei ya kitabu kimoja.

Kisha nenda mwishoni utafute sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake. Washairi wa pwani, hata wa leo, hupenda kutumia lahaja za Mombasa na Lamu, ambako njia huitwa "ndia", nchi huitwa "nti" na macho huitwa "mato". Maneno haya yana ladha yake, lakini msomaji wa bara asiyepewa sherehe ataishia kukisia, na kukisia kila mshororo kunaondoa raha yote. Diwani yenye lahaja nzito na isiyo na sherehe ninamshauri mnunuzi aiache, isipokuwa kama nyumbani kwake kuna mtu wa pwani wa kumuuliza.

Jalada lenyewe lisikuhadae. Niliwahi kumnunulia mpwa wangu wa miaka minane diwani yenye picha ya kasuku wa rangi nne, nikafika nyumbani na kugundua kwamba mashairi ya ndani yalihusu ndoa zilizovunjika. Kasuku alikuwa fumbo.

Hatua ya tano: soma kwa sauti, papo hapo

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na ndiyo ambayo watu huionea haya. Muombe muuzaji ruhusa, sogea pembeni, fungua katikati ya kitabu, kwa sababu watunzi huweka mashairi yao bora mwanzoni, kisha usome ubeti mmoja kwa sauti ya chini lakini ya kusikika. Masikio yako yatakuambia mambo ambayo dibaji haiwezi kukuambia.

Kama shairi ni la kimapokeo, mshororo wake kwa kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanyika nane na nane, na kila kipande kinaishia kwa kina chake, yaani silabi ya mwisho inayorudi mshororo hadi mshororo. Ili tuwe na kitu cha kushika, nimetunga ubeti huu:

Mwezi leo umenuna, wavuvi wako ziwani,
Taa zao zafanana, na nyota zilo mbinguni,
Dagaa wanabanana, kukusanyika nuruni,
Asubuhi tutaona, kilichomo mitumbwini.

Hesabu kwa vidole: mwe-zi-le-o-u-me-nu-na, nane, wa-vu-vi-wa-ko-zi-wa-ni, nane. Kumbuka kwamba herufi "m" ikisimama peke yake huhesabiwa, ndiyo maana "mvuvi" ina mizani mitatu, m-vu-vi, ilhali "mbuzi" ina miwili tu. Sasa ubadilishe mshororo wa pili usomeke "Taa zao zinafanana sana na nyota za mbinguni". Maana haijaharibika, na sarufi imenyooka kuliko awali, lakini mizani imekuwa 18 na ulimi hauoni mahali pa kutua. Ukikutana na mishororo mitatu ya namna hiyo katika ukurasa mmoja wa kitabu kinachojiita cha kimapokeo, fahamu kwamba mtunzi hakuisoma kazi yake kwa sauti kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, kwa kuwa hesabu yake iko sawa. Tuseme mshororo wa tatu ungekuwa "Dagaa wanabanana, kukusanyika majini". Mizani imetimia na kina kimekaa, lakini dagaa wangekusanyika wapi kwingine? Neno limeletwa ili kujaza kina, halikuongeza kitu. Vina vya kulazimisha ndio ugonjwa mkubwa wa diwani nyingi mpya ninazozishika, kuliko hata upungufu wa mizani. Ushairi umeruhusiwa uhuru wake: kulifupisha neno, kama "zilo" kwa "zilizo", ambako huitwa inkisari, kulirefusha, ambako huitwa mazida, na kupindua mpangilio wa maneno ili kina kikae. Uhuru huo ukitumiwa mara mojamoja unanogesha. Ukitumiwa kila mshororo unaonyesha kwamba mtunzi amezidiwa na kanuni alizozichagua mwenyewe.

Jaribio la mwisho la ubeti wa kimapokeo ni kuusoma mbele ya mkubwa na mdogo kwa pamoja. Ubeti wa hapo juu nilimsomea mpwa wangu yuleyule, akaniuliza, "Mjomba, nani kauudhi mwezi?" Bibi yake, ambaye kwa miaka mingi alianika dagaa Igombe, akacheka akamjibu kwamba mwezi ukinuna ndipo watu wanapopata hela. Alisema kweli, kwa kuwa wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, na mwezi ukiwa mpevu kazi husimama. Mtoto aliona mtu mwenye hasira angani, bibi akaona siku za kazi, na wote wawili walikuwa wamesikia maneno yaleyale. Ukipata kitabu chenye mashairi matano tu ya namna hiyo, hicho ndicho cha kununua kwa ajili ya nyumba nzima.

Kama shairi ni huru, usilihesabu mizani. Wapo watakaokuambia kwamba kisicho na vina si shairi, na ubishi huo ni wa siku nyingi. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha kanuni za utunzi mwaka 1954, na kwa wengi zikawa ndizo kipimo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kijiji cha Namagondo kisiwani Ukerewe, akatoa diwani ya Kichomi, iliyoacha vina na mizani, na watunzi wa Kiswahili wakagawanyika. Nasi wa huku tuna haki ya kujivunia kidogo kwamba aliyeutikisa ushairi wa Kiswahili alitoka upande ule ambako feri inaelekea.

Kipimo cha shairi huru ni mahali mstari unapokatika. Soma haya:

Nyavu zimerudi
tupu
tena.

Kisha uyasome kama sentensi moja: nyavu zimerudi tupu tena. Katika sentensi, neno "tena" linapita haraka. Katika shairi linabaki peke yake mwishoni, nalo linabeba siku zote zilizotangulia. Chukua shairi moja la kitabu unachokikagua, uliunganishe hivyohivyo, na kama hujapoteza kitu chochote, basi hiyo ni insha iliyokatwakatwa na kuachiwa nafasi pembeni.

Hatua ya sita: vipimo vya ziada kwa kitabu cha mtoto

Kwanza kabisa hesabu mawaidha. Vitabu vingi vya mashairi ya watoto katika nchi yetu vimeandikwa na watu wazima wanaotaka kuonya: tupende shule, tunawe mikono, tuwatii wazazi. Shairi moja au mawili ya hivyo hayadhuru. Yakifika nusu ya kitabu, mtoto hatakirudia, na wala hatakosea, kwa maana maneno hayo anayasikia bure kutwa nzima. Tafuta kitabu ambacho ndani yake mbuzi anafanya ukorofi, mvua inachelewesha watu, babu anatafuta miwani iliyo usoni mwake.

Pili, tafuta kiitikio. Mshororo unaorudi mwishoni mwa kila ubeti humpa asiyejua kusoma nafasi ya kushiriki, kwani baada ya ubeti wa pili atakuwa ameushika na ataupokea kwa sauti kubwa kuliko yako. Ni desturi ileile ya wimbo wa kupiga kasia, mmoja akianza na wengine wakiitikia.

Tatu, kagua picha kwa jicho la mtu wa hapa. Kitabu kinachosimulia uvuvi wa Ziwa Victoria na kuchora papa majini kimechorwa na mtu ambaye hakuuliza, na mtoto wa Kirumba atakuwa wa kwanza kukusahihisha. Herufi ziwe kubwa, picha isifunike maneno, na ubeti usikatwe katikati ili sehemu yake ihamie ukurasa wa nyuma.

Mwisho, likunje kidogo jalada uone jinsi kurasa zilivyofungwa. Kitabu chembamba kilichobanwa kwa pini katikati hufunguka vizuri mkekani, ila pini hushika kutu. Kilichogundishwa kwa gundi nyepesi huachia kurasa mapema, na zaidi katika nyumba yenye watoto watatu wanaokigombania. Kilichoshonwa kwa uzi ni bora kuliko vyote viwili, na ukikipata ongeza fedha kidogo bila kusita.

Kama inawezekana, nenda na mtoto mwenyewe. Msomee mashairi mawili kutoka vitabu viwili, usimuulize ni kipi kizuri, kwa kuwa atajibu kile anachodhani unakitaka; msubiri tu aseme "rudia".

Hatua ya saba: kwa mtu mzima

Hapa sina mengi ya kuongeza. Soma mashairi matatu, la mwanzo, la katikati na la mwisho, na ujiulize kama yameandikwa na mtu yuleyule mwenye jambo moja la kusema kwa njia tatu, au na mtu anayeyatazama mambo matatu tofauti. Utenzi mrefu wa kisa kimoja unafaa anayependa hadithi. Diwani ya mashairi mafupi inafaa mwenye muda wa robo saa kabla ya kulala. Usiogope kitabu kwa sababu hukuelewa shairi moja, lakini usijilazimishe kununua kitabu ambacho hukuelewa lolote kati ya hayo matatu, hata kama kimesifiwa namna gani.

Hatua ya nane: kisipopatikana Mwanza

Diwani nyingi mpya hutoka Dar es Salaam, na huku hufika chache. Wapigie simu wachapishaji au wauzaji wa huko, na kabla ya kutuma fedha waombe wakupigie picha nne kwa simu: jalada, ukurasa wa hakimiliki, yaliyomo, na ukurasa mmoja wa katikati utakaouchagua wewe kwa kutaja namba, usiwaachie wao wachague. Kwa picha hizo utaweza kufanya sehemu kubwa ya hatua zilizotangulia ukiwa nyumbani. Kitabu kitaletwa kwa basi kama kifurushi kingine chochote, hivyo agizeni familia mbili au tatu pamoja mgawane nauli yake, na kila nyumba inunue kitabu tofauti ili mbadilishane baada ya mwezi.

Kikifika, kivalishe nailoni, kisha usikimalize kwa usiku mmoja. Soma mashairi mawili, uyarudie, ufunge. Weka penseli ndani ya kitabu, na kila mtu wa nyumbani atakapoomba shairi lirudiwe, andika herufi ya kwanza ya jina lake pembeni mwa kichwa cha shairi hilo. Baada ya miezi miwili utakuwa na orodha, na siku utakaporudi dukani na muuzaji akakuuliza ni ya kidato cha ngapi, utamtajia jina la mtunzi.